Nafasi Iliyoporwa Hailipwi kwa Sekunde

Saa ya Jeddah ni saa yetu hii hii ya Dar es Salaam. Kwa hiyo Jumamosi ile ya Machi 9, 2024, taa za kuanzia mbio zilipozimika saa mbili usiku kule kando ya Bahari ya Shamu, na huku Mbagala ilikuwa saa mbili usiku. Tulikuwa tumebanana kwenye kibanda umiza, wengi wakiwa wamefuata mpira wa Uingereza wakabaki kwa ajili ya langalanga, mbio za magari za Formula 1.

Kevin Magnussen wa timu ya Haas alipewa adhabu ya sekunde 10 kwa kumgonga Alex Albon. Kisha akampita Yuki Tsunoda kwa kutoka nje ya mistari ya barabara, akaongezewa 10 nyingine. Jumla 20. Ungetegemea dereva wa namna hiyo awe amekwisha. Lakini Magnussen hakurudi nyuma ya Tsunoda. Alibaki pale pale mbele yake, akapunguza mwendo kwa makusudi, akawa ukuta. Tsunoda na msururu mzima uliomfuata wakakwama, na huko mbele Nico Hülkenberg, mwenzake Magnussen wa timu moja, akapata pengo la kutosha kuingia kwa mafundi, kubadilisha tairi na kutoka akiwa bado yuko mbele yao wote. Hülkenberg akamaliza wa 10, timu ikavuna pointi 1. Tsunoda akaondoka mikono mitupu.

Kijana aliyekaa jirani yangu, dereva wa bajaji wa Rangi Tatu, alinisikia nikilalamika, akanigeukia. "Kaka, wamemlima ishirini nzima. Sasa unataka haki gani tena?"

Msimamo wake ndio msimamo wa wengi. Nimeusikia Temeke, nimeusikia kwenye mabaraza ya Mwananyamala, nimeusikia kwa watu wanaoujua mchezo huu kuliko mimi. Wanasema adhabu ya sekunde ni ya haki kwa sababu ni ileile kwa kila dereva, inafahamika kabla ya mbio kuanza, haiangalii jina wala bendera, na haivurugi mchezo. Aliyekosa atalipa, mbio ziendelee. Ni hoja nzito, na wanaoitoa si wajinga. Hata hivyo naamini wamekosea, tena wamekosea pale pale wanapojiona wana nguvu zaidi, kwenye neno hilo "ileile".

Nianze na kosa lenyewe. Kumpita mwenzako kwa kukata kona, au kwa kukanyaga nje ya mstari mweupe, ni kosa lenye mwenyewe. Dereva akizidisha mwendo kwenye njia ya mafundi amevunja kanuni ya wote, na hakuna mtu mmoja unayeweza kumnyooshea kidole ukasema huyu hapa ndiye aliyeibiwa. Mtoze sekunde, sina ugomvi. Lakini anayepita isivyo halali amechukua kitu mkononi mwa mtu. Kitu hicho kinajulikana na mwenyewe anajulikana. Wakati adhabu inatangazwa, mali ingali mikononi mwa aliyeichukua, na mwenye mali anaitazama mita chache mbele yake. Duniani kote, kuanzia baraza la kata hadi mahakama ya rufani, mtu aliyekutwa na mali ya mwenzake huamriwa kwanza airudishe. Faini hufuata baadaye. Langalanga imegeuza utaratibu huo: inatoza faini na kumwachia mali.

Asiyefuatilia mchezo huu anaweza kuuliza nafasi moja ina uzito gani. Ina uzito mkubwa sana, na hapa ndipo hesabu ya sekunde inapoharibika. Gari la langalanga hushika barabara kwa msaada wa upepo. Mabawa yake hutumia hewa kuligandamiza chini, ndiyo maana linaweza kukata kona kwa kasi ambayo gari la kawaida lingepaa na kuondoka. Gari la mbele linakutana na hewa tulivu. La nyuma linakutana na hewa iliyokwisha kuvurugwa, madereva wenyewe huiita hewa chafu. Ndani ya hewa hiyo gari linapoteza mshiko, tairi zinateleza na kupata moto, breki zinakosa ubaridi. Anayeendesha Kilwa Road analijua jambo hili kwa njia yake. Ukikaa nyuma ya lori la mchanga unakula moshi na vumbi lake, mashimo huyaoni mpaka umeyaingia, na mwendo wako ni mwendo wake mpaka yeye atake vingine.

Aliye mbele anachagua mstari, anachagua mwendo, anazitunza tairi zake, anaamua lini aingie kwa mafundi. Kila mzunguko anaoukamilisha akiwa mbele unamwongezea faida. Nafasi ya mbele inazaa. Kumwachia mtu nafasi hiyo halafu ukamtoza sekunde 10 ni sawa na kumwachia mwizi ng'ombe wa maziwa ukamwamuru alipe lita 10. Atalipa, tena kwa maziwa ya ng'ombe yuleyule.

Na wanaoendesha timu wanalijua hili vizuri. Aprili 20, 2025, Jeddah tena, Max Verstappen na Oscar Piastri waliingia pamoja kwenye kona ya kwanza ya mzunguko wa kwanza. Verstappen akakatiza nje ya barabara akatokea mbele, akabaki mbele. Waamuzi wakampa sekunde 5. Kwa kawaida zingekuwa 10, lakini walipunguza kwa sababu lilikuwa tukio la mzunguko wa kwanza. Baada ya mbio Christian Horner, aliyekuwa mkuu wa Red Bull, timu ya Verstappen, wakati huo, alieleza kwa nini hawakumwambia dereva wao arudishe nafasi: angerudi nyuma angeingia kwenye hewa chafu, na angekuwa hatarini kupitwa na aliyekuwa nyuma yake. Kwa hiyo wakaona afadhali waichukue adhabu waendelee.

Maelezo hayo yalitolewa hadharani, bila kificho chochote, na wala hayakushangaza wengi. Mimi nayaona kuwa ndiyo ushahidi mzito kuliko wote. Adhabu inapofika mahali ambapo mkosaji anaweka kwenye mizani kutii na kukosa, akaona kukosa ni nafuu, hiyo imeacha kuwa adhabu. Imekuwa nauli. Piastri alishinda siku ile, ni kweli, na Verstappen akamaliza wa pili kwa tofauti isiyofika sekunde 3. Lakini Piastri alilazimika kuihangaikia upya nafasi aliyokwisha kuipata.

Neno hilo nauli silitumii ovyo. Huku kwetu tunaishi nalo.

Asubuhi moja nilipanda daladala Mbagala Rangi Tatu kuelekea Kariakoo. Foleni ilikuwa imeshafunga. Dereva akatanua: akashuka pembeni, akapita kwenye njia ya waenda kwa miguu, akina mama wenye watoto mgongoni wakiruka kuelekea mtaroni, akayapita magari yasiyohesabika, akachomekea mbele ya basi lililokuwa limesubiri zamu yake kwa subira. Mbele kidogo trafiki akatusimamisha. Dereva akaandikiwa faini ya shilingi 30,000, ile ya papo kwa papo ambayo madereva wameizoea kwa miaka mingi. Tukaondoka. Abiria mmoja, mzee wa makamo, akamwambia, "Mwanangu, unaona sasa hasara uliyoipata?" Dereva akamjibu kwa heshima, bila kugeuka: "Shikamoo mzee. Hiyo nimeshaipigia hesabu. Trip moja ya ziada inairudisha."

Alisema kweli. Tulifika Kariakoo kabla ya lile basi alilolichomekea. Abiria wa basi lile, waliotulia kwenye foleni kwa sababu dereva wao aliheshimu sheria, walichelewa kwa ajili yetu, na kati ya zile 30,000 hawakupata hata senti. Hakuna aliyemwambia dereva wetu ageuze arudi nyuma ya gari aliloliibia zamu. Laiti angeambiwa hivyo hata mara moja, mbele ya abiria wake, mwenendo wake ungebadilika kuliko kwa faini ishirini.

Sasa turudi kwenye neno "ileile". Wanaosema sekunde 10 ni sekunde 10 kwa kila mtu wanasahau kwamba kiasi kimoja hakiwi mzigo mmoja. Serikali yetu yenyewe ililikubali hilo. Katika bajeti aliyoisoma Juni 2021, Waziri wa Fedha wa wakati huo, Mwigulu Nchemba, alitangaza kupunguza faini ya makosa ya barabarani kwa bodaboda na bajaji kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000. Sababu inaeleweka kwa kila mtu: mwenye pikipiki aliyekuwa akilipa kiasi kilekile na mwenye basi alikuwa akibeba mzigo mara nyingi zaidi. Finland wamekwenda mbali zaidi. Faini za mwendo kasi huko zinapimwa kwa kipato cha mtu, na mwaka 2023 tajiri mmoja alitozwa euro 121,000 kwa kosa moja la barabarani.

Kwenye langalanga kipato cha dereva ni mwendo wa gari lake. Mwenye gari bora huifidia sekunde 10 ndani ya mizunguko michache. Mwenye gari la katikati ya msururu, pale ambapo magari matano au sita yamefuatana kwa karibu, sekunde 10 zinamtupa kutoka nafasi ya 9 hadi ya 14, jasho la mchana mzima likapotea. Kosa ni moja, idadi ni moja, lakini mmoja amepoteza pumzi kidogo na mwingine amepoteza kila kitu.

Mfano ulio wazi kabisa ni Silverstone, Uingereza, Julai 18, 2021, na nautaja kwa uchungu kwa sababu mimi ni mpenzi wa Lewis Hamilton tangu mwaka 2008. Mzunguko wa kwanza, kwenye kona ya Copse, Hamilton alijaribu kumpita Verstappen kwa ndani, magari yakagusana, Verstappen akaruka nje akagonga ukuta wa tairi kwa nguvu ya mara 51 ya uzito wake mwenyewe. Akapelekwa hospitali. Waamuzi walisema sehemu kubwa ya kosa ni ya Hamilton, wakampa sekunde 10. Alizitumikia aliposimama kwa mafundi, akarudi barabarani, akawapita waliokuwa mbele yake mmoja mmoja, na mizunguko miwili kabla ya mwisho akampita Charles Leclerc. Akashinda mbio. Akachukua pointi zote 25 za ushindi, na aliyegongwa akachukua sifuri.

Jioni ile nilishangilia nikiwa nimesimama juu ya benchi. Usingizi wa usiku haukuja vizuri. Nilijiuliza: kama gari lile la Mercedes lingekuwa la Verstappen, na Hamilton ndiye aliyelala kwenye kitanda cha hospitali, ningesema nini kuhusu haki ya sekunde 10? Jibu nilikuwa nalo, na ndilo lililonitoa kwenye kundi la wanaoitetea adhabu hii.

Nadhani sababu moja inayotufanya sisi wa Afrika Mashariki tuipokee adhabu ya sekunde bila maswali ni rali. Tumelelewa na rali. Safari Rally ilianza mwaka 1953, ikikatiza Kenya, Uganda na Tanganyika, na vizazi vya watu wa pwani na bara vilijifunza kuyahesabu magari kwa dakika na sekunde. Kwenye rali gari likichelewa kufika kituo cha saa, linatozwa sekunde 10 kwa kila dakika, na hakuna anayenung'unika. Na asiwepo wa kunung'unika, kwa sababu rali ni mchezo wa saa. Magari yanaachiwa moja moja, kila dereva anapambana na barabara na saa yake, na wawili wakikutana njiani ni kwa bahati mbaya. Kosa limefanywa kwa muda, limelipwa kwa muda.

Mbio za saketi ni mchezo mwingine kabisa. Magari yote yanaondoka pamoja na anayeshinda ni aliyefika mbele ya wenzake. Fedha ya mchezo huo ni nafasi. Ukiibiwa nafasi ukalipwa sekunde umelipwa kwa fedha ya nchi nyingine, na kiwango cha kubadilishia kinapanda na kushuka kila mzunguko.

Nazijua hoja zitakazoletwa dhidi yangu. Ya kwanza ni Austin, Marekani. Oktoba 20, 2024, huku kwetu usiku mkubwa, Lando Norris alimpita Verstappen kwa nje ya barabara zikiwa zimebaki dakika chache. Akapewa sekunde 5, akavuka mstari wa tatu lakini mbele ya Verstappen kwa sekunde zisizofika 5, hivyo akashushwa hadi wa nne. Nafasi ikarudi kwa mwenyewe. Si ndiyo haki hiyo?

Ilirudi kwa bahati. Mizunguko iliyobaki ilikuwa michache na Norris hakupata muda wa kukimbia zaidi. Tukio lilelile lingetokea mizunguko kumi mapema, na tairi za Norris zilikuwa mbichi kuliko za mwenzake, angemaliza kwa sekunde 8 mbele na adhabu ingekuwa hewa. Haki gani hii inayotegemea kasi ya mwizi? Na hata palipotokea bahati hiyo, sisi watazamaji tuliona mtu akipanda na mwingine akishuka baada ya bendera kushushwa, kwa karatasi kutoka chumba ambacho hatukioni.

Wiki moja baadaye, Mexico, upande wa pili wa hoja ukajidhihirisha. Verstappen alimsukuma Norris nje, muda mfupi baadaye akarudia kosa kwenye kona nyingine. Akalimwa 10 na 10. Alimaliza wa sita, na waliokuwa wakidai adhabu kali waliridhika. Lakini mtazame Norris. Katika vurugu ile Leclerc alipita, Carlos Sainz akatoweka mbele na ndiye aliyeshinda, na Norris alihangaika karibu hadi mwisho kuipata tena nafasi ya pili. Sekunde 20 zilimuumiza Verstappen na hazikumponya Norris. Adhabu inayotosheleza hasira ya watazamaji na kumwacha aliyedhulumiwa palepale imefanya nusu ya kazi, na ni ile nusu isiyo na maana sana.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, nayo inatoka Spa, Ubelgiji, Septemba 7, 2008. Watanitajia kwamba kurudisha nafasi kulijaribiwa na kuzaa ugomvi mkubwa kuliko wowote. Nakumbuka, kwa sababu siku ile ndipo nilipoanza kuupenda na kuuchukia mchezo huu kwa pamoja. Hamilton alikata kona mbili za mwisho akampita Kimi Räikkönen, akamwachia nafasi kama inavyotakiwa, halafu kwenye kona iliyofuata akampita tena. Akavuka mstari wa kwanza. Baada ya mbio akaongezewa sekunde 25, akashuka hadi wa tatu. Timu yake, McLaren, ikakata rufaa, mahakama ya rufani ya FIA, shirikisho la kimataifa linalosimamia mchezo huu, ikasema adhabu ya namna ile haikatiwi rufaa.

Kwa hiyo, wanasema, kurudisha nafasi kuna utata. Lakini waitazame upya hadithi hiyohiyo. Aliyedaiwa kudhulumiwa ni Räikkönen. Sekunde 25 zilipochukuliwa kwa Hamilton, Räikkönen hakupata chochote, maana alikuwa ameshagonga ukuta na kutoka. Ushindi akapewa Felipe Massa, ambaye hakuhusika kabisa na tukio, hakusukumwa na mtu, hakukatiwa kona. Mwaka ule ubingwa uliamuliwa kwa pointi 1, Hamilton 98 na Massa 97. Karibu sekunde zile zimkabidhi ubingwa mtu ambaye hakuwa hata shahidi wa kesi.

Utata wa kurudisha nafasi ulikuwa mmoja tu: je, aliyeirudisha anaruhusiwa kushambulia tena lini? Swali hilo lilijibiwa muda mfupi baada ya Spa. Madereva walielezwa wasubiri kona inayofuata ipite. Likaisha. Utata wa sekunde, kwa upande mwingine, umedumu hadi leo.

Kuna wanaosema waamuzi hawawezi kuamua haraka kiasi cha kuamuru nafasi irudishwe wakati mbio zinaendelea. Kamera zimejaa kila kona, kila gari lina kifaa kinachoonyesha lilipo kwa usahihi mkubwa, na gari kuwa nje ya mistari ni jambo la macho. Jeddah, Desemba 2021, mbio zilisimamishwa kwa bendera nyekundu baada ya Verstappen kutoka nje na kubaki mbele ya Hamilton. Mkurugenzi wa mbio, Michael Masi, alizungumza na Red Bull kwa redio, na kabla magari hayajaondoka tena Verstappen akawekwa nyuma ya Esteban Ocon na Hamilton. Dunia ililaani namna mazungumzo yale yalivyofanywa, kama watu wanapatana bei ya nyanya, na mimi nayalaani pia. Mwamuzi hapatani na mshtakiwa. Lakini ondoa upatanaji ule, tazama matokeo: nafasi ilirudi kwa mwenyewe ndani ya dakika chache, mbio zikaendelea, na kwa tukio lile hakuna aliyehitaji kikokotoo.

Na kanuni ipo. Kanuni za michezo za langalanga zinasema mkurugenzi wa mbio anaweza, kwa hiari yake mwenyewe, kumpa dereva nafasi ya kurudisha faida yote aliyoipata kwa kutoka nje ya barabara. Anaweza, kwa hiari yake. Hapo ndipo penye tatizo lote. Akitaka, mwenye mali atarudishiwa. Asipotaka, mkosaji atapewa ankara ya sekunde 10.

Sisemi kila kesi itatatuliwa hivyo. Silverstone 2021 isingetatuliwa, kwa kuwa mwenye nafasi alikuwa kwenye gari la wagonjwa. Kwa makosa ya namna hiyo, ambayo mali haiwezi kurudi, adhabu inapaswa kuwa ile ya kupita njia ya mafundi kwa mwendo mdogo, inayogharimu takriban sekunde 20 na kumrudisha dereva katikati ya msongamano ndani ya mizunguko michache. Kabla ya mwaka 2014 hiyo ndiyo iliyokuwa nyepesi kuliko zote zilizotumikiwa wakati wa mbio, na naamini ndiyo maana timu zilikuwa zikimwamuru dereva wao haraka arudishe nafasi kabla waamuzi hawajafungua mdomo. Waliogopa. Mwaka 2014 ikaletwa ya sekunde 5, kwa nia njema, ili makosa madogo yasivunje mbio za mtu. Lakini mlango ulipofunguliwa kwa ajili ya makosa madogo, makosa yote yakapita humo.

Wengine wataniambia zipo pointi za adhabu kwenye leseni. Zipo. Magnussen huyohuyo alizifikisha 12 mwaka 2024 akazuiwa kushiriki mbio za Azerbaijan, miezi sita baada ya Jeddah. Sasa nani amwambie Tsunoda kwamba mbio hizo za Azerbaijan zilimrudishia usiku wake?

Haya si mambo ya mbali tena. Desemba 2024 FIA ilifanya mkutano wake mkuu Kigali, na hapo hapo Rais Paul Kagame akatangaza kwamba Rwanda inaomba kuandaa mbio za langalanga. Mara ya mwisho magari hayo kushindana katika bara letu ilikuwa Kyalami, Afrika Kusini, mwaka 1993. Kutoka Dar es Salaam hadi Kigali ni safari ya basi. Ikitimia, yule kijana wa bajaji na mimi tutakuwa kwenye jukwaa, tumelipa viingilio kwa fedha ya jasho, na tunayo haki ya kuona kwa macho yetu nani yuko mbele ya nani.

Vyama vya magari vya nchi zetu vina viti na sauti ndani ya FIA. Navisihi viitumie sauti hiyo kabla taa za kwanza hazijazimika Kigali, na viombe jambo moja ambalo halihitaji kifaa kipya wala shilingi moja: katika kanuni ya kurudisha faida, pale palipoandikwa mkurugenzi wa mbio "anaweza", paandikwe "lazima".